Kimathi: Shujaa wa Tetu ambaye ndege za kivita zilishindwa kumpata

DEDAN Kimathi Waciuri alinyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957, akiwa na umri wa miaka 36. Kabla ya siku hiyo, serikali ya kikoloni ilikuwa imemtafuta angani na ardhini kwa nguvu ambazo Kenya haikuwa imewahi kuziona. Ndege za kivita zilimimina risasi na mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kwa zaidi ya miaka miwili, zikirudi siku baada ya siku. Hata hivyo, aliyemwangusha Kimathi hakuwa rubani. Alikuwa askari wa kijijini, mwenyeji wa Nyeri kama yeye, aliyekuwa amesimama pembeni mwa msitu na bunduki ya kawaida mkononi.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya maisha ya Kimathi yastahili kusimuliwa upya kwa kizazi ambacho kimezoea kuliona jina lake kwenye mabango ya barabara na kuta za chuo kikuu pekee.

Kimathi alizaliwa Oktoba 31, 1920 katika kijiji cha Thegenge, Tetu, eneo ambalo makao yake ya utawala yako katika mji mdogo wa Wamagana. Baba yake, Mzee Waciuri, alifariki mwezi mmoja tu kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama yake, Waibuthi, aliyekuwa mmoja wa wake watatu wa mzee huyo, ndiye aliyemlea pamoja na ndugu zake.

Ni nchi ya miinuko na mabonde, yenye mito inayoteremka kutoka Nyandarua. Upande wa magharibi unaanza msitu mzito, na upande wa mashariki, kukiwa hakuna mawingu, kilele cha Kirinyaga huonekana waziwazi. Mtoto wa Tetu alikua akiwa amezungukwa na milima hiyo miwili, na ndiyo iliyokuja kuwa uwanja wa vita.

Alianza masomo katika shule ya Karuna-ini akiwa na umri wa takriban miaka 15, kisha akajiunga na shule ya misheni ya Kiskoti ya Tumutumu, karibu na Karatina. Walimu walimtambua kwa wepesi wake wa Kiingereza, kwa mashairi na kwa ufasaha katika midahalo. Tatizo lilikuwa karo. Ili kuipata, kijana huyo alikusanya mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu. Hivyo basi, msitu ulimsomesha kabla ya kumficha. Hata hivyo, fedha hizo hazikutosha na masomo yake yalikatizwa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, lakini hakudumu. Baadaye alifanya kazi mbalimbali, ukiwemo ualimu, bila kutulia katika yoyote. Wakati huo, maelfu ya Waafrika waliokuwa wamepigana upande wa Uingereza walikuwa wakirejea nyumbani na kukuta kwamba ardhi ingali mikononi mwa walowezi, kipande kingali shingoni, na mishahara ingali duni. Kimathi alijiunga na chama cha KAU, na kufikia mwaka 1950 alikuwa katibu wa tawi la Ol Kalou, katikati ya mashamba ya Wazungu. Mwaka uliofuata alikula kiapo cha Mau Mau.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa KAU walikamatwa usiku huo. Kimathi naye alikamatwa wakati mmoja lakini akatoroka kwa msaada wa polisi, kisha akapanda Nyandarua. Hakurudi tena nyumbani akiwa mtu huru.

Mwaka 1953 ndege zikafuata.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, ni vyema kukumbuka vita vilivyokuwa vimekwisha Ulaya miaka minane tu awali. Mwaka 1940, marubani wa Uingereza na wa Ujerumani walikuwa wamepigana ana kwa ana juu ya kusini mwa Uingereza. Kufikia mwaka 1944, ndege za Uingereza na Marekani zilikuwa zimetawala anga ya Ufaransa kiasi kwamba ziliruka chini na kuyamiminia risasi magarimoshi, malori na misafara ya askari barabarani. Makamanda wengi waliotumwa Kenya walikuwa wametoka katika vita hivyo. Waliamini, kwa ushahidi wa macho yao, kwamba mwenye anga ndiye mwenye ushindi.

Kikosi cha Wanahewa cha Uingereza kilileta ndege za Harvard, zenye injini moja na viti viwili. Hizi hazikutengenezwa kwa mapigano. Zilikuwa ndege za mafunzo, ambazo maelfu ya marubani wa vita vya Ulaya walijifunzia kuruka. Kwa ajili ya Kenya, kila moja ilifungwa bunduki moja ya rashasha na kubebeshwa mabomu manane madogo ya takriban kilo tisa kila moja. Kituo chao kikawa uwanja mdogo wa Mweiga, kaskazini mwa mji wa Nyeri, mwendo wa dakika chache tu kwa ndege kutoka msituni. Ndege nyepesi za polisi zilitangulia kutafuta dalili za kambi na kuwaonyesha marubani mahali pa kushambulia.

Mnamo Novemba 1953 zikaja ndege kubwa zaidi, Lincoln, zenye injini nne, kutoka uwanja wa Eastleigh jijini Nairobi. Lincoln ilitokana na Lancaster, ile iliyoteketeza miji ya Ujerumani. Ilikuwa imechelewa kushiriki vita vya Ulaya. Sasa ilipata kazi juu ya Nyandarua, ikiwa na uwezo wa kubeba zaidi ya tani sita za mabomu, mengine yakiwa na uzito wa karibu nusu tani moja moja. Mwaka 1954 zikaongezwa ndege za jeti aina ya Vampire kutoka Aden, na Meteor za kupiga picha.

Hapakuwa na mapigano ya angani. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na ndege hata moja, wala mzinga wa kutungulia ndege. Wengi hawakuwa na bunduki ya kiwandani; walibeba simi, mapanga na bunduki walizounda wenyewe kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Maadui wa rubani walikuwa ukungu, mvua na miinuko. Vilele vya Nyandarua vinafikia karibu mita 4,000, na mawingu hufunga mabonde ghafla. Marubani kadhaa walipoteza maisha kwa kugonga milima, si kwa kupigwa risasi.

Rubani aliyeruka juu ya Ufaransa alikuwa na garimoshi la kulenga. Rubani wa Mweiga alikuwa na mianzi. Kutoka juu, msitu ule ni zulia moja lisilo na mwisho, na moshi mwembamba wa asubuhi unaweza kuwa wa moto wa kambi au ukungu unaopanda kutoka mtoni. Sheria iliyotangaza msitu kuwa eneo lililopigwa marufuku ilimpa rubani ruhusa ya kushambulia yeyote aliyekuwa humo. Bomu halikuuliza kama aliyeko chini alikuwa jenerali, mwanamke aliyekimbilia msituni kuepuka kukamatwa, au kijana mbeba mizigo.

Wanyama nao waliumia. Tembo, nyati na vifaru walijeruhiwa na vipande vya chuma, na mnyama aliyejeruhiwa akawa hatari kwa kila aliyekutana naye, awe askari wa serikali au mpiganaji.

Mashambulizi ya mwanzo yaliwatia wapiganaji hofu kubwa. Katika miezi ya kwanza walikuwa wakiishi katika kambi kubwa zenye mamia ya watu, zilizokuwa na vibanda, jikoni na mahali pa kuwatibia majeruhi. Kambi za namna hiyo zilionekana kutoka angani. Basi wakajifunza upesi. Walipika usiku, wakichagua kuni kavu zisizotoa moshi mwingi. Hawakuanika nguo mahali palipo wazi. Nguo zilipochakaa, walishona ngozi za wanyama, ambazo zilihimili miiba na pia zilifanana na rangi ya msitu. Waliposikia mngurumo, walitulia tuli chini ya miti, kwa maana anayekimbia ndiye anayeonekana. Muhimu zaidi, walivunja kambi kubwa na kujigawa katika makundi madogo yanayohamahama.

Hapo ndipo ndege zilipomjeruhi Kimathi, ingawa si mwilini.

Kimathi alikuwa mtu wa kalamu. Ndoto yake haikuwa kuongoza genge, bali kuunda serikali. Mnamo Agosti 1953 aliitisha mkutano mkubwa wa viongozi wa msituni katika Nyandarua, na humo likaundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, yeye akiwa rais wake. Wapiganaji waligawanywa katika majeshi kwa kufuata maeneo yao. Wa Nyeri wakawa Ituma Ndemi, wakiongozwa na Stanley Mathenge. Mwaka 1954 likafuata Bunge la Kenya. Kimathi aliandika barua bila kuchoka: kwa majenerali, kwa machifu, kwa maafisa wa serikali na hata kwa magazeti. Aliagiza kila kambi iweke daftari la majina, vifo, silaha na matukio. Aliamini kwamba siku moja nchi huru ingetaka kusoma kumbukumbu hizo.

Lakini serikali ya barua huhitaji matarishi, na matarishi wanahitaji njia. Makundi yalipotawanyika kwa kuhofia mabomu na doria, barua iliyokuwa ikifika kwa siku moja ilichukua wiki. Nyingine hazikufika kabisa. Viongozi wakaacha kuonana, na wasioonana huanza kushukiana. Mathenge na wenzake, wengi wao wakiwa hawakusoma, walilalamika kwamba wasomi walikuwa wamejitwalia madaraka. Mwaka 1955 mgawanyiko huo ulikuwa wazi, wafuasi wa Mathenge wakijiita Kenya Riigi na kulikataa Bunge la Kimathi.

Haitakuwa haki kuficha upande wa giza wa shujaa huyu. Jinsi shaka ilivyozidi, ndivyo naye alivyozidi kuwa mkali. Baadhi ya wapiganaji wake walihukumiwa kifo kwa amri yake kwa makosa ya nidhamu au kwa kushukiwa usaliti. Vijijini nako, Mau Mau waliwaua Waafrika wenzao waliokataa kiapo au waliojiunga na homugadi, na majeraha hayo yalibaki katika familia nyingi za Tetu, Mathira na Othaya kwa miongo mingi. Kumtukuza Kimathi bila kutaja hayo ni kumgeuza sanamu kabla ya kumjua kama binadamu.

Serikali nayo ilikuwa ikijifunza. Jenerali George Erskine, aliyewasili Juni 1953, alitambua kwamba uhai wa msitu ulitoka vijijini. Wanawake ndio waliopeleka chakula, dawa, risasi na habari. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, zaidi ya watu milioni moja walilazimishwa kuyahama makazi yao na kuishi katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na homugadi. Handaki refu lilichimbwa kandokando ya msitu na kujazwa vijiti vilivyochongoka. Waliolichimba walikuwa wanakijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa. Maelfu ya wengine waliwekwa kambini bila kufikishwa mahakamani.

Handaki lilifanya kile ambacho bomu halikuweza. Njaa iliingia msituni. Mapema mwaka 1955, maelfu ya askari walipelekwa kuufagia msitu wa Nyandarua na kisha wa Mlima Kenya, na wakaambulia wapiganaji wachache mno kwa kulinganisha na ukubwa wa majeshi hayo. Ndege ziliendelea kuruka, zikiangusha pia vipeperushi vya kuwataka wapiganaji wajisalimishe, nyingine zikiwa na vipaza sauti vilivyowaita kwa Kikuyu kutoka angani. Wapo waliotoka, lakini Kimathi hakutoka. Mnamo Julai 1955 ndege za Lincoln zilisitisha mashambulizi, na Septemba mwaka huo kikosi cha Harvard cha Mweiga kikavunjwa. Gharama zilikuwa kubwa na matunda yalikuwa ya kutiliwa shaka, huku maswali yakizidi mjini London.

Mbinu iliyobaki ilikuwa ya miguu. Ofisa wa polisi Ian Henderson, Mzungu aliyekulia Kenya na kukifahamu Kikuyu kwa ufasaha, aliwatumia wapiganaji waliokamatwa au kujisalimisha kuwasaka wenzao wa jana. Walivaa ngozi zile zile, walijua nyimbo na sala zile zile, na walifahamu mahali Kimathi alipopenda kupumzika na kuomba. Mwaka mzima wa 1956 walimfuata, wakipunguza watu wake mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyewahi kutoa amri kwa maelfu alibaki na wachache, kisha akabaki peke yake.

Alfajiri ya Oktoba 21, 1956, zikiwa zimesalia siku kumi kabla hajatimiza miaka 36, Kimathi alionekana kwenye ukingo wa msitu, upande wa Tetu, akiwa amevaa ngozi ya chui. Askari Ndirangu Mau alimpiga risasi na kumjeruhi mguuni. Alikamatwa akiwa hoi kwa njaa na uchovu, si mbali na alikozaliwa. Picha iliyosambazwa duniani ilimwonyesha akiwa amelala kwenye machela, mikono imefungwa pingu, nywele ndefu zilizosokotana, macho yakitazama juu.

Kesi ilisikizwa mjini Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akisaidiwa na wazee watatu wa baraza, wote Waafrika. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Shtaka kuu lilikuwa kupatikana na bastola, kosa ambalo wakati wa hali ya hatari adhabu yake ilikuwa kifo. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Wazee hawakumwamini, wala jaji hakumwamini. Novemba 27 alihukumiwa kunyongwa, na rufaa yake ikatupiliwa mbali Desemba 27. Alikuwa mmoja tu kati ya zaidi ya Waafrika 1,000 walionyongwa katika miaka ya hali ya hatari.

Mkewe, Mukami, ambaye naye alikuwa mfungwa wa Kamiti, aliruhusiwa kuonana naye siku moja kabla ya kunyongwa. Kisha Kimathi akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1960, na uhuru ukapatikana Desemba 12, 1963. Lakini marufuku dhidi ya Mau Mau ilidumu katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, ilipoiondoa. Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu siku ya kunyongwa, Kibaki alizindua sanamu ya Kimathi katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Mjini Nyeri, chuo kilichoanzishwa kwa harambee kilipandishwa hadhi mwaka 2012 na kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendwa, na ikakubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 waliokuwa wameteswa kizuizini.

Malipo hayo yalihusu waliopigwa na kuteswa kambini, watu ambao walikuwa hai na wangeweza kuonyesha makovu yao mahakamani. Waliouawa na mabomu hawakuwa na mahakama. Wengi walibaki huko huko walikoangukia, chini ya majani ya mianzi, na familia zao ziliambiwa tu kwamba waliingia msituni na hawakurudi.

Mukami Kimathi aliishi kwa zaidi ya miaka 60 akiomba apewe mabaki ya mumewe ili amzike kwa heshima nyumbani. Alilieleza ombi hilo kwa serikali moja baada ya nyingine. Alifariki Mei 2023, akiwa mkongwe, bila ombi hilo kutimizwa.

Maisha ya Kimathi yanaacha fundisho zito kuliko hadithi ya ushujaa wa mtu mmoja. Dola iliyoshinda vita vya anga vya Ulaya ilileta ndege zake juu ya Tetu na haikumpata mtu mmoja aliyejificha chini ya mti. Ilimpata ilipofaulu kuwatenganisha ndugu, kumkatia mtu wa msituni mkono uliomlisha, na kumpa mwenyeji bunduki ya kumlenga mwenyeji mwenziwe. Mabomu yalichimba mashimo ambayo msitu umekwisha kuyafunika kwa majani. Shimo ambalo halijafunikwa ni lile la Kamiti, na taifa linalobeba jina la Kimathi kwenye barabara zake lingali na deni la kuonyesha alikolazwa.